Gololi Ndani ya Sufuria

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado umeganda juu ya nyasi, Benita alivuka ua kutoka chumba chao cha nyuma hadi jikoni kwa Gogo Muriel. Alimpelekea mkate na maziwa kutoka spaza, duka dogo la mtaani, akachemsha chai, kisha akamtafutia miwani. Miwani ile ilikuwa na tabia ya kujificha. Siku moja aliikuta ndani ya sufuria ya viazi.

Gogo Muriel, gogo ikiwa bibi kwa lugha ya huko, alikuwa Mwingereza mzee mwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Malvern, na familia ya Benita ilipanga kwake. Alikuwa ameishi Johannesburg tangu ujana wake, lakini moyo wake haukuzoea Krismasi ya joto. "Krismasi ya kutokwa jasho si Krismasi," alisema. Basi Desemba alikwenda kanisani kama watu wote, na Julai, katikati ya baridi, aliandaa karamu ya kwao: mataji ya karatasi kichwani, matawi mabichi mlangoni, na pudini.

Pudini hiyo ni keki nzito, nyeusi, iliyojaa zabibu kavu. Hukandamizwa ndani ya bakuli la udongo, ikafungwa kwa kitambaa na kupikwa kwa mvuke. Kwa desturi ya Gogo, kila mtu wa nyumbani alishika mwiko na kuukoroga mchanganyiko kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa heshima ya Mamajusi. Aliyekoroga alifumba macho na kuomba jambo moja kimoyomoyo, bila kumwambia mtu.

Mwaka uliotangulia, baba yake Benita, Parfait, alikoroga muda mrefu hadi mdogo wake Benita, Chris, akachoka kusubiri.

"Papa, unaomba gari?"

"Gari ni dogo, mwanangu," baba akajibu, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Walipika pudini mbili. Moja ililiwa siku ileile. Ya pili ilifungiwa kabatini, kwa kuwa pudini ya namna ile hukaa mwaka mzima na kuzidi kunoga. Kabla mwaka haujaisha, baba aliugua mapafu akafariki. Nguo zake ziligawiwa ndugu, na koti lake la ulinzi likarudishwa kazini. Kazi ya mikono yake iliyobaki katika nyumba ile ilikuwa pudini iliyofungwa kabatini.

Siku ya karamu ilipowadia, Gogo Muriel aliitoa, akaiweka ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la gesi. Kisha akachukua gololi kubwa ya kioo, yenye mstari wa buluu ndani yake, akaitumbukiza majini. Maji yalipochemka, gololi ikaanza kugonga: ko-ko-ko-ko.

"Ikigonga, maji yapo," alisema. "Ikinyamaza, maji yanakwisha. Hapo uongeze maji ya moto kutoka kwenye birika. Ya moto, Benita. Ya baridi, kamwe."

"Nimesikia, Gogo."

Gogo akaenda kusinzia kwenye kiti chake karibu na hita. Mama yake Benita, Mama Agnès, alikuwa amepeleka gauni alilolishona kwa mteja wa Jules Street. Chris alikaa sakafuni sebuleni akikata mataji ya karatasi, ulimi nje. Benita alibaki jikoni na ko-ko-ko.

Haukupita muda, kichwa kikachomoza juu ya ukuta. Kilikuwa cha Karimu, kijana wa jirani ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Jana yake alikuwa amemshinda Benita gololi zake zote.

"Dada, unacheza au unapika?" aliuliza. "Au nimekufilisi?"

"Ngoja tu. Leo unarudisha zote."

"Kwa gololi ipi? Mfuko mtupu hauchezi."

Benita akaitazama sufuria. Maji yalikuwa mengi. Mchezo mmoja tu, alijiambia. Akaiopoa gololi ya buluu kwa kijiko, akaipepea mpaka ikapoa, akatoka.

Mchezo mmoja ukazaa wa pili. Gololi ile nzito ilizitawanya za Karimu kama kuku waliotupiwa jiwe, na Benita akacheka, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi mingi. Alikuwa bado anacheka aliposikia harufu ya kuungua.

Alikimbia. Sufuria ilikuwa kavu, kitambaa kimeanza kuwa cha kahawia. Kwa hofu hakulikumbuka birika. Akachota maji ya bomba, akayamwaga. Moshi ukaruka, na ndani yake kukasikika mlio mdogo: tak. Bakuli lilikuwa limepasuka chini, na kipande kimoja hakikuonekana.

Karimu alisimama mlangoni. "Rudisha gololi, fungua dirisha," alinong'ona. "Gogo wako hasikii harufu, na macho hana. Nani atajua?"

Benita akafanya hivyo. Gololi ikaanza tena: ko-ko-ko, kana kwamba haikwenda popote.

Jioni wote walikaa mezani wakiwa na mataji. La Chris lilikuwa kubwa, limeangukia masikioni. Gogo aliipindua pudini kwenye sahani, ile sehemu ya chini ikawa juu, nyeusi juu ya nyeusi. Kisha akazima taa. Desturi yao ilikuwa kuimwagia kileo kidogo na kuiwasha, ili mwali wa buluu ucheze gizani.

"Kipande cha kwanza ni cha mdogo wetu," alisema, akipapasa kiberiti.

"Chenye kazi ya Papa," Chris akasema, kijiko mkononi.

Benita alifikiria kile kipande kisichoonekana.

"Gogo, usiwashe," alisema. "Chris, weka kijiko chini."

"Kwa nini, yaya?" Chris akamuuliza dada yake.

"Washeni taa. Nitasema."

Akasema yote: gololi, mchezo, maji ya baridi, dirisha. Hakumtaja Karimu. Mama Agnès alivuta sahani, akachukua kisu, akakata ile sehemu ya juu iliyoungua. Katikati yake kulikuwa na kigae chenye ncha kali, kikubwa kama ukucha. Alikiweka mezani mbele ya Chris.

"Nimeiharibu kazi ya Papa," Benita akasema, machozi yakimdondoka.

Mama alikata tena, mbali na pale palipoungua, akaichambua kwa uma hadi aliporidhika. Ndani ilikuwa nyororo, imejaa zabibu.

"Umeiunguza," alisema. "Siwezi kukwambia hukuiunguza. Lakini tazama, bado ipo. Baba yako alikoroga yote, hakukoroga juu tu."

Walikula polepole. Vipande vilikuwa vidogo, na Chris alilamba sahani yake. Hakuna aliyemkataza.

Asubuhi iliyofuata Gogo Muriel alitoa bakuli jipya, unga na zabibu za pudini ya mwaka ujao. Mwiko ukapita kutoka mkono hadi mkono. Zamu ya baba ilipofika, Mama Agnès alimpa Benita mwiko akoroge kwa niaba yake. Benita alifumba macho akakoroga muda mrefu, na safari hii Chris hakulalamika.

Kisha Gogo akatoa gololi ya buluu mfukoni, akampa Benita.

"Mimi tena, Gogo?"

"Wewe. Nani mwingine anajua inavyotokea ikitolewa?" Gogo akamshika kidevu. "Kuteleza si kuanguka, mjukuu wangu. Maji yalikwisha kwa sababu ulicheza, na hilo ni kosa la mtoto. Lakini kigae kilifika mezani kwa sababu ulitaka kuficha. Kosa lililofichwa huzaa la pili, na la pili karibu limkate mdogo wako. Gololi ikinyamaza, ujue kuna kitu kinaungua. Mtoto akinyamaza, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo usininyamazie."

"Sitanyamaza, Gogo."

Benita akaitumbukiza gololi majini, akavuta kigoda karibu na jiko, akaketi. Karimu alipochungulia juu ya ukuta, Benita alimwonyesha birika la maji ya moto mkononi na kutikisa kichwa kukataa.

Ko-ko-ko-ko, ikagonga gololi.