Shamba Lisilotakiwa Kuwa Safi

Jioni ile nilitoka tu kwenda kung'oa majani. Jembe begani, kandambili miguuni, redio ndogo mfukoni. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, jekundu kama mawese yanayochemka.

Na kabla hamjaanza kunicheka, muelewe kitu kimoja: mimi, Kabwe, si mtu wa kuogopa. Ulizeni bandarini Rumonge. Mimi ndiye fundi wa taa za wavuvi wa ndagala. Nimeshakaa katikati ya ziwa usiku wa dhoruba, mtumbwi unaruka, mimi naunga waya kwa meno. Shule niliiacha mapema, ni kweli. Lakini mdomo wangu una diplome.

Mwaka huu walipofunga ziwa ili samaki wazaane, taa zikakosa kazi, na fundi wa taa pia. Mke wangu, Clotilda, akachoka kuniona nimekaa mlangoni.

"Papa Élysée, wanaume wengine wanalima."

"Basi na mimi nitalima. Kulima ni nini? Ni kukwaruza udongo."

Mama Kulthumu, muuza mboga wa sokoni, mwenye ulimi kama wembe, akaniazima kipande chake cha shamba kule Gatete, karibu kabisa na maji. Kilikuwa pori. Miaka hii ziwa limepanda, limemeza mashamba ya mbele, watu wakakimbia. Aliyekilima mwisho ni kijana mmoja, Roger, nilimjua kwa jezi yake ya njano ambayo sijui kama aliwahi kuivua. Siku moja akaondoka bila kuaga. Walisema ameenda Kigoma.

Nikaanza kazi kwa mbwembwe. Wiki ya kwanza Mama Kulthumu akaja kuangalia. Alisimama, akashika kiuno.

"Subhanallah! Kabwe! Umeng'oa mboga, lenga-lenga yote, halafu majani ya porini umeyapanga mistari!"

"Nilikuwa najaribu udongo, mama."

"Na huu urwiri, mbona unaukata juu?"

Urwiri, kwa wasioujua, ni jani lenye mizizi myeupe, mirefu, inayotambaa chini kama waya za taa. Ukikata juu, chini inakucheka. Ukiacha kipande cha mzizi kama ukucha, unarudi wote na ndugu zake. Mama Kulthumu alinionyesha kwa kidole, kama mtoto wa shule. Nikamuambia nimeelewa. Akaniambia hapana, hujaelewa, akaenda zake.

Basi, jioni ile. Nimeinama, mgongo unalia. Nikasikia nyuma yangu:

"Kazi nzuri."

Nikageuka. Mzee mmoja, mrefu, amesimama kwenye matete. Jembe begani. Nguo zake zimelowa mpaka kola, na mvua hatukuiona siku nyingi.

"Murakoze, muzee, asante."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Lakini nina nguvu ya watu watatu."

Akatabasamu kidogo. "Nikusaidie?"

Sasa mniambie ukweli. Nani angekataa?

"Saidia, muzee! Karibu sana!"

Hakuuliza bei. Hakuuliza chochote. Aliinama, akaanza.

Chwap… chwap… chwap…

Udongo ulikuwa mkavu. Lakini sauti ilikuwa ya jembe linalopiga maji.

Mimi nilikaa juu ya jiwe nikamsimulia habari zangu za dhoruba. Hakunyoosha mgongo hata mara moja. Redio yangu ikakoroma, ikanyamaza. Na harufu ikaja… harufu ya tope la chini kabisa, ya wavu uliosahauliwa majini. Nikatazama vidole vyake kwenye mpini. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mwanamke aliyefua nguo kutwa.

Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza si jambo dogo.

Kufumba na kufumbua, shamba lilikuwa jeusi, safi. Mzee akasimama.

"Tumemaliza kwako. Sasa twende kwangu."

"Kwako? Aa, muzee, giza linaingia. Kesho."

Pale niliposema *kesho*, uso wake ulibadilika. Siwezi kuueleza. Kama taa inapozimwa.

"Nimelima kwako," alisema polepole. "Unalima kwangu. Ni ikibiri."

Ikibiri nilikuwa naisikia. Watu wa vilimani wanasaidiana hivyo: leo wote shambani kwako, halafu wote shambani kwangu, na hakuna kukimbia. Lakini mimi ni mtoto wa bandari. Nilijua jina tu.

"Na kwako ni wapi?"

Akanyoosha kidevu.

Nikakifuata kidevu kwa macho. Hapakuwa na shamba upande ule.

Ilikuwa ziwa.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikageuka niende zangu, na njia niliyoingilia haikuwepo. Matete yalikuwa yamesimama pande zote, yamebanana kama meno. Nikataka kutupa jembe nipite kwa nguvu.

Mkono haukufunguka.

Niliuvuta kwa mkono mwingine, kidole kwa kidole. Hakuna. Halafu jembe likainuka lenyewe, na mimi nyuma yake. Likapiga chini. Likanivuta. Likainuka tena. Hivyo hivyo, kama mbuzi anayepelekwa sokoni kwa kamba, nikaenda nikilima mpaka ukingoni.

Nikaingia majini.

Magoti… kiuno… kifua. Mzee alikuwa mbele, akitembea kinyumenyume, ananitazama. Nikaangalia chini. Jamani. Chini ya maji kulikuwa na matuta. Matuta ya shamba, yamepangwa vizuri, na miti ya mihogo imesimama, myeusi. Na watu. Wameinama. Wanapalilia polepole, bila kukoma, nywele zao zinaelea.

Mmoja karibu yangu akainua kichwa mpaka mdomo ukatoka majini. Jezi ya njano.

"Papa Élysée…"

"Roger! Wewe si uko Kigoma?"

"La kwako…" Alikuwa ananong'ona kama mtu anayeogopa bosi. "La kwako amelimaliza?"

"Nini?"

"Shamba. La kwangu alilimaliza lote… safi kabisa… ndiyo maana…"

Maji yakamwingia mdomoni. Akainama tena.

Hapo ndipo mtajua kwamba Kabwe ni Kabwe. Mtu mwingine angelia. Mimi nikageuza shingo, nikatazama shamba langu kule nyuma, mwanga wa mwisho umelala juu yake. Na kwenye udongo mweusi nikaona uzi mweupe umechomoza. Halafu mwingine.

Mizizi ya urwiri.

"Muzee!" nikapiga kelele. "Simama hapo! Nani alikufundisha kulima?"

Akasimama.

"Urwiri umeukata juu tu! Ona, mizizi yote imebaki! Hiyo ni kazi? Mimi nije kwako nilime vizuri, wewe kwangu uniachie urwiri? Huoni haya, muzee muzima?"



Alitazama shamba. Na nawaambia, aliona haya. Haya ya kweli, ya mkulima.

"Kweli," alisema. "Mutu hadai kazi hajamaliza."

"Basi malizia kwanza."

"Na wewe utangoja?"

"Nipo. Nitaenda wapi?"

Vidole vyangu vikafunguka. Jembe likazama. Mzee akapita karibu yangu kuelekea nchi kavu, baridi yake ikanipita mpaka kwenye mifupa, na nyuma yangu nikasikia tena… chwap… chwap…

Sikungoja. Nilipita kwenye matete kama nguruwe. Kandambili moja iko kule mpaka leo.

Asubuhi nikamkuta Mama Kulthumu sokoni, anafunga mafungu ya lenga-lenga. Nikamsimulia yote. Katikati, mikono yake ikaacha kufunga.

"Alikuwa amelowa?"

"Mpaka kola."

Akatazama kushoto na kulia. "Shamba lake lilikuwa mbele ya langu. Gatete nzima, hakuna mutu yeye hakumsaidia kulima. Ziwa lilipoanza kupanda, akazunguka nyumba kwa nyumba, anaomba tuje tumchimbie mtaro, maji yasiingie. Kila mutu alimuambia kesho."

"Na wewe?"

Alichukua fungu, akaliweka, akalichukua tena.

"Na mimi nilisema kesho."

"Kwa hiyo alikufa maji?"

"Wengine wanasema kiboko. Viboko wanapita pale jioni, ni kweli. Sisi tulikuta jembe tu." Akanisukuma kwa kiwiko. "Toka hapa, Kabwe, unafukuza wateja."

Niliapa sitarudi. Jioni nikakaa zangu Rumonge na wenzangu, tunacheza karata. Jua likaanza kushuka, na mkono wangu wa kulia ukajifunga. Karata zikaanguka. Vidole vikakunjamana kuzunguka kitu ambacho hakipo, duara kama mpini. Halafu miguu ikasimama. Wenzangu wakacheka wakidhani nakimbia kushindwa.

Nilipofika shambani, mzee alikuwa amepiga magoti pembeni. Anachambua udongo kwa vidole. Anatoa nyuzi za urwiri, moja moja, anazipanga. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo sana.

Sikufikiri. Nilirudi mbio barabarani, nikang'oa urwiri kwa mkono wa kushoto, pamoja na mizizi, nikaja nikauchomeka kwenye udongo. Mkono wangu wa kulia ukafunguka. Mzee akatazama nilichopanda. Akahema… Akaanza upya.

Tangu siku hiyo, mimi ndiye mkulima peke yake Burundi nzima anayepanda magugu. Na ninayapanda vizuri kuliko mtu yeyote! Kila jioni, gunia la urwiri kichwani. Kila asubuhi, nusu yake imeshang'olewa. Mboga zangu, kwa kupaliliwa hivyo, zilitoka pana kama masikio ya tembo. Sokoni wakaanza kuniita agronome, bwana shamba. Majirani walioniona na gunia walisema maji ya ziwa yameingia kichwani mwa Kabwe. Niliwaacha waseme. Clotilda sikumuambia. Nilisema, mwanamke huyu analala vizuri, kwa nini nimuharibie usingizi?

Halafu malaria ikanishika.

Nililala siku ile mchana wote, natetemeka. Nilipofungua macho, jua lilikuwa limeinama, na harufu ya chakula nyumba nzima. Clotilda alikuwa ameketi mezani, anang'aa kwa furaha.

"Amka ule, Papa Élysée. Leo nimekusaidia."

"Umenisaidia nini?"

"Nimeenda shambani. Wewe unasifiwa mji mzima, kumbe urwiri umejaa! Nimeung'oa wote. Na mizizi yake. Hakuna hata uzi."

Jasho la homa likawa baridi.

"Peke yako?"

"Hapana. Mbona hukuniambia una rafiki muzuri hivyo? Muzee mmoja, mupole! Amelowa, maskini. Tumelima naye bega kwa bega. Nimemuambia murakoze sana, na sisi tutakuja kwako."

"Umesema *sisi*?"

"Sasa nilitakiwa kusema nani?"

Akacheka, akamega bugali. Akaula kwa mkono wa kushoto.

Clotilda si mtu wa kushoto.

"Mama Élysée… mkono wako mwingine uko wapi?"

"Sijui umeshika na nguvu gani," alisema, bado anacheka. "Haujataka kuachia."

Akauinua kutoka chini ya meza. Bado ulikuwa umeshika jembe.

Namna nilivyokimbia siku ile na homa yangu, sitaki hata kujisifu. Nilifika jua likigusa milima. Shamba lilikuwa safi kama sakafu ya kanisa. Nikapanda urwiri nilioung'oa njiani, kwa mikono miwili, maana sasa deni lilikuwa limeshika mkono wa Clotilda, si wangu; natambaa, nalia. Nikasikia nyuma yangu… chwap. Nikadhani ni yeye.

Alikuwa Clotilda. Macho yapo wazi, hayanioni. Kila nilichopanda, jembe lake lilikuwa linakitoa.

Mzee alikuwa kwenye matete. Sasa halimi tena. Anasimama tu, jembe begani, anatungoja kwa adabu.

Siku ile nilimshinda mke wangu. Jua lilizama, nyuma yetu jani likiwa bado limesimama, na vidole vyake vikafunguka. Akatazama pande zote. "Papa Élysée, tunafanya nini huku?" Nikamuambia tumekuja kuangalia mboga.

Na kesho yake jua lilipoinama mkono wake ukajifunga tena, na tulikuwa pale. Na keshokutwa. Ziwa wamelifungua, wavuvi wananiita nirudi kwenye taa, nawaambia hapana, nimependa kilimo. Mpaka leo ninamshinda, kwa sababu mikono yangu ni ya fundi. Lakini kiangazi kimekaa sana. Urwiri wenyewe unakauka barabarani, naufuata mbali, karibu na Kizuka. Na Clotilda anazidi kujua kulima. Jana jua lilipozama, lilikuwa limebaki jani moja.

Basi, ukipita barabara ya Nyanza-Lac jioni, ukamuona mwanaume anapanda magugu na mke wake anayang'oa nyuma yake, cheka ukitaka. Tusalimie kutoka barabarani.

Lakini usishuke kutusaidia.