Friji Linalopoza kwa Moto

Kila asubuhi Subira alifagia uwanja, akainjika chai, kisha akaenda kugonga mlango wa karavani. Humo ndimo alimolala mamake, Mwanapili.

Karavani hiyo ilikuwa ya zamani. Weupe wake ulikuwa umeingia manjano, na haikuwa imefunga safari kwa miaka minane. Mgeni mmoja aliyekuwa akiishi karibu na bahari, huko Tiwi, alimwachia Swabir, mume wa Subira, alipokuwa akirudi kwao. Swabir alikuwa mtunza bustani wake.

"Umepewa gari lisilo na injini," majirani walimcheka.

"Nimepewa chumba chenye magurudumu," naye akawajibu.

Ndani ya chumba hicho mlikuwa na friji dogo lililotumia gesi ya mtungi. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia dukani, mbali na nyumba yao. Mwanapili naye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chupa zake za insulini zilitakiwa kukaa mahali pa baridi. Friji lile lilikuwa limezitunza vizuri.

Asubuhi moja Subira alimkuta mamake ameketi kitandani, ameshika kichwa.

"Shikamoo mama. Kichwa tena?"

"Marahaba mwanangu. Tena. Huenda ni sukari."

Subira akafungua friji atoe dawa. Chupa ilikuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku.

"Swabir! Friji halipozi bado!"

Swabir akaja mbio. "Haiwezekani. Juzi lilipoacha kupoza tuliambiwa gesi imeisha, nikaleta mtungi mpya kutoka Kombani. Umejaa! Na moto unawaka, tazama."

Kweli, moto ulikuwa unawaka. Subira akautazama kupitia tundu dogo. Toka mwanzo friji lile lilikuwa likimshangaza. Moto huivisha wali. Moto huchemsha maji. Vipi basi moto huu ulete baridi? Na kama ulikuwa ukileta baridi zamani, kwa nini leo haufanyi hivyo?

Kwanza akatenda alivyofunzwa kliniki. Zile chupa zilizopata joto aliziweka kando, zisitumike. Akampigia muuguzi simu, akaambiwa amlete mama siku hiyo hiyo apate dawa nyingine. Jioni waliporudi, chupa mpya aliziweka ndani ya kopo lenye kifuniko, akalitia katika chungu cha udongo kilichofungwa kitambaa kibichi.

"Chungu kitatusaidia kwa muda," Subira alisema. "Muuguzi amesema nisitegemee chungu mwezi mzima kwa joto hili."

Basi akamwita fundi Dama.

Dama alikuwa fundi wa mafriji kutoka Kombani. Alifika kesho yake saa tatu asubuhi, mkoba begani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, dada. Karibu ndani ulione friji."

Dama hakuingia. Alisimama uwanjani, akainamisha kichwa upande wa kulia. Kisha akauliza, "Karavani hii imeanza lini kuinama?"

Swabir akacheka. "Fundi, sisi tunaumwa na friji. Magurudumu hayana neno."

"Bwana wee, nijibu kwanza."

Subira ndiye aliyejibu. Zamani karavani ilielekea baharini, mahali palipo tambarare. Lakini ndani yake ni nyembamba. Msala hauenei ila kwa urefu. Mvua zilipoanza na uwanja ukalowa, Mwanapili alishindwa kuswali ndani akielekea kibla. Wanaume wanne wakaja, wakaisukuma karavani mpaka ikaelekea kaskazini. Huku ardhi inateremka kidogo.

"Mliigeuza siku gani?"

"Ijumaa," Subira alisema. "Na Jumapili maziwa..." Macho yakamtoka. "Jumapili maziwa yaliharibika! Ni kule kugeuza!"

"Umekuwa fundi sasa," Dama akasema, akitabasamu.

Mwanapili alikuwa akisikiliza mlangoni. Uso wake ukaingia huzuni. "Kwa hiyo nichague, mwanangu? Ama dawa yangu, ama swala yangu?"

"Hasha, mama. Kibla hatuigusi. Nipeni sahani na maji."

Dama aliweka sahani ndani ya friji, akamimina maji. Maji yakakimbilia ukingo mmoja, yakamwagika. Upande wa pili sahani ilibaki kavu.

"Mwashi ana pimamaji yake ya kujulia usawa. Hii ndiyo yenu," alisema.

"Lakini friji la dukani hata likiinama linapoza," Subira akauliza. "Hili lina nini?"

"La dukani lina mota inayosukuma. Hili halina. Nyuma yake kuna mabomba yenye maji na dawa iitwayo amonia. Imefungiwa humo kiwandani, haiongezwi. Gesi ya mtungi kazi yake ni kuwaka tu. Moto ukichemsha, amonia inapanda juu kama mvuke. Juu inapoa, inakuwa majimaji, inashuka yenyewe polepole. Gari likiinama, majimaji yanakwama kwenye kona. Moto unawaka bure."

"Na baridi je? Baridi inatoka wapi?"

Dama akamgeukia Mwanapili. "Mama, ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano, unasikiaje?"

"Baridi."

"Na spiriti yenyewe?"

"Inakauka mara moja."

"Inapokauka huondoka na joto la ngozi yako. Amonia nayo hufanya hivyo ndani ya friji. Inageuka hewa, inaondoka na joto la chakula."

Subira akajigusa mkono, kama aliyepakwa spiriti wakati ule. Kumbe moto hauleti baridi. Moto unasukuma tu!

Dama akazima moto, akafunga mtungi, akazunguka nyuma ya karavani. Hapo palikuwa na matundu ya hewa. Yalikuwa yamezibwa kwa nguo. Akaivuta, ikatoka nyeusi kwa masizi.

"Leso yangu ya kujifunika!" Mwanapili akapiga kelele. "Nimeitafuta wiki nzima! Nikamsingizia mbuzi wa watu!"

Swabir akakuna kisogo. "Niwie radhi, mama. Tulipogeuza, upepo wa baharini ukawa unaingia hapa na kuzima moto, nikaziba."

Dama hakucheka. "Mama, kichwa kimeanza kukuuma lini?"

"Wiki hii hii."

"Kikoje ukitoka nje?"

"Kinaachia."

"Basi sikilizeni. Moto usiopata hewa hutoa moshi wenye sumu. Sumu hiyo haionekani wala hainuki. Ukiziba matundu haya, inarudi ndani. Mtu hulala asiamke. Kichwa hicho kilikuwa kinakuonya."

Swabir akaketi chini. Alikuwa ametaka kuulinda moto, kumbe nusura ampoteze mama mkwe wake.

"Leo nenda naye kliniki, aangaliwe," Dama akamwambia Subira. "Kazi hii tutaimaliza sisi."

Walikwenda, mama akaangaliwa, wakarudi alasiri. Wakamkuta Swabir amejaa vumbi. Yeye na Dama walikuwa wameweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yasiviringike. Upande ulioinama waliuinua kwa jeki, wakauwekea mbao pana. Dama alikuwa ametoa utando wa buibui na masizi kwa brashi laini.

"Tundu la gesi msilichokoe kwa sindano," alionya. "Likipanuka, moto unaharibika."

Akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi.

"Povu likivimba, gesi inavuja. Msitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja. Na mkisikia harufu kali kama ya mkojo ikitoka kwenye friji, fungueni milango, zimeni, tokeni nje. Hapo mabomba yametoboka."

Povu halikuvimba. Dama akawasha. Moto uliokuwa wa manjano sasa ulikuwa samawati, umetulia. Kwenye matundu alifunga wavu. Kuzuia upepo, Swabir alisimamisha bati hatua tatu kutoka kwenye gari.

Subira akatia mkono ndani ya friji. "Mbona bado?"

"Subira, na jina lako hilo?" Dama akamtania. "Lipe mpaka kesho. Nimekuwekea kipimajoto ndani; kikisoma kati ya nyuzi mbili na nane, rudisha dawa. Isigande."

Usiku ule Mwanapili alilala nyumbani kwa mwanawe.

Asubuhi Subira hakuinjika chai. Alikwenda moja kwa moja karavani. Maji kwenye sahani yalikuwa yametulia, sawa pande zote. Kipimajoto kilisoma tano. Akazitoa chupa chunguni, akazipanga katika friji moja moja.

Mwanapili akaja nyuma yake, leso ya masizi imefuliwa na kutundikwa begani.

"Kichwa, mama?"

"Chepesi, alhamdulillahi."

Akatandika msala wake kwa urefu, kuelekea kaskazini, akaswali rakaa mbili za dhuha. Alipomaliza, alifungua friji, akatoa gilasi ya maji yaliyolala humo, akamwita Swabir. Swabir akaja taratibu, akiwa bado na haya.

"Njoo, mwizi wa leso," Mwanapili alisema, akimpa gilasi kwa mikono miwili. "Kunywa moto huu. Umepoa."