Dishi Lililogeukia Nyumba

Fundi Farhan alifika kwa Josphat jua likielekea kuzama, begi la spana begani, akiwa amechelewa kama mafundi wote tangu dunia iumbwe. Mutanu, mke wa Josphat, alikuwa uani akichagua maharagwe. Alimsalimu, akamwonyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu, akarudi kwa maharagwe yake. Dishi halikuwa wazo lake.

Josphat alilileta Kathiani mwaka wa 2003, alipostaafu kazi ya kiwandani huko EPZ, Athi River. Lilitoka kwa hoteli moja ya mjini iliyofunga milango. Lilikuwa dishi kubwa la mota: ukibonyeza rimoti linanguruma na kuzunguka polepole kutoka mashariki hadi magharibi, likitafuta setilaiti moja baada ya nyingine. Mwanamume asiye na mtoto hukosi kumpata na kitu anachokibembeleza. Wengine hufuga mbwa.

Shida ni kwamba dishi halikai lilipowekwa. Kila jioni linajiendesha. Josphat alilaumu stima, akalaumu popo, akamlaumu jirani yake Justus kwa sababu Justus ana wivu. Majirani hawakulaumu stima. Walisema nguzo imetupiwa kitu, wakaacha kupita huko nyuma giza likikaribia.

Farhan hakuwa mtu wa maneno hayo. Babake alitoka Pwani, yeye alizaliwa Machakos mjini, na alikuwa amewafungia madishi maaskofu na wenye baa. Aliegemeza pima maji kwenye nguzo, akaona imeinama. Akashangaa, maana ilikuwa imeshikwa na saruji. Alimweleza Josphat, aliyesimama kando yake, kwamba huku kwetu setilaiti ziko karibu na utosi, na nguzo ikiinama hata kidogo, dishi likizunguka linazikosa zote. Aliweka dira chini, akalegeza nati, akarekebisha. Halafu akamwomba Mutanu aingie ndani atazame televisheni. Hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja nje anazungusha, mwingine ndani anatangaza picha ikija.

Mutanu aliingia, akakaa kwa kiti cha mbao. Hakuwasha taa. Kioo kilikuwa chenga tupu, na ule mvumo wake… shhhhh… kama mchele unaomwagwa bila kuisha.

Farhan akauliza kwa dirisha kama imekuja.

Bado.

Mota ikanguruma. Ngrrr… ngrrr…

Bado.

Ndipo harufu ikaingia. Kwanza udongo uliochimbwa sasa hivi, wenye unyevu, na huo ulikuwa mwezi wa Septemba, nchi imekauka mpaka inapasuka. Halafu chini ya udongo, harufu nyingine. Tamu, ya joto. Utosi wa mtoto mchanga.

Na ndani ya mvumo wa chenga, kitu kikalia.

Mutanu alikijua kilio hicho kabla hajajiambia anakijua. Miaka mingi nyuma alizaa msichana, mtoto wake wa pekee, mdogo kama kuku wa kuchinja. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, akashindwa kunyonya, akafa kabla ya siku ya kupewa jina na kuvishwa ushanga shingoni. Na kwa Wakamba wa zamani, mtoto asiyefika siku hiyo hajawa mtu. Ni kiimu, kitu cha pepo bado, mali ya wale wa chini. Mama mkwe, mzee Kalunde, ndiye aliyemkunja kwenye leso akaenda kumzika peke yake. Josphat alikuwa Athi River. Mutanu alikuwa kitandani akivuja damu. Aliporudi, yule mzee alisema neno moja tu, kwamba kiimu hakililiwi, akaosha mikono. Mahali alipomzika hakusema. Alikufa bila kusema.

“Imekuja, mama?” Farhan akauliza tena.

“Karibu,” Mutanu akajibu. “Peleka magharibi.”

Mota ikanguruma. Kilio kikasogea. Alikisikia kikipanda na kukatika, pale kati ya pumzi na pumzi, vile mtoto anavyokusanya nguvu kwa kilio kingine. Fundi akasema mita yake ya kupima mawimbi haionyeshi kitu huko. Mutanu akamwambia apeleke tu. Kifua kikamuuma, uchungu wa zamani, wa sindano nyingi. Akashika blauzi. Ilikuwa imelowa. Mwanamke ambaye mvi zimeshaanza kumtoka, na blauzi imelowa maziwa.

Nje chuma kilisaga chuma. Dishi lilipita mwisho wake, pale lilipotengenezwa lisiweze kupita, likaendelea kugeuka mpaka likatazama dirisha la sebule. Halikutazama mbingu tena. Lilimtazama yeye.

Kilio kilikuwa karibu kama cha mtoto aliyepakatwa.

“Hapo,” Mutanu akasema. “Funga hapo hapo.”

Farhan alisogea dirishani. Hakupaza sauti tena.

“Mama… mimi nimechomoa waya kitambo. Si mimi nazungusha.”

Josphat akaingia. Aliona kioo, akaona blauzi ya mkewe, akasikia. Akaketi sakafuni kama mtu aliyesukumwa. Halafu akaanza kueleza, uso chini. Siku alipochimba shimo la nguzo, udongo ulikuwa mwororo, wa kuchimbwa zamani. Jembe likashika nguo.

“Nguo gani?” Mutanu akauliza bila kugeuka.

“Leso yako. Ile ya samawati, imeungua pembeni.”

“Ukafanya nini?”

“Nikairudisha. Nikamwaga saruji.”

“Kwa nini hapo, Josphat?”

“Hapo ndipo mbingu ilikuwa wazi.”

Mutanu alimwambia asogee, anaziba televisheni.

Fundi Farhan alikusanya spana zake akisoma dua kwa midomo, akaondoka bila chai. Tangu siku hiyo ukimpigia simu anasema yuko Masii, na mwenye baa wa hapo Kathiani anamwona kila Jumamosi mjini Machakos.

Josphat alibaki sakafuni. Akamsihi mkewe ampe mtoto jina. Akipata jina ni mtu, alisema, na akiwa mtu atakwenda kwa watu wake apumzike. Jina lenyewe halikuwa la kutafuta. Msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya yake mzaa baba. Angeitwa Kalunde, jina la yule aliyembeba kama taka. Mutanu alifungua mdomo. Jina lilikuwa chungu, ndiyo, lakini si uchungu uliomzuia. Alikuwa amemeza makubwa kuliko hayo katika lile boma.

“Akipumzika,” akauliza, “mimi nitasikia nini?”

Josphat akamsihi tena.

“Nitampa kesho,” Mutanu akasema.

Kesho ikafika, akasema kesho. Kila jioni dishi lilijigeuza, ngrrr… ngrrr… na Mutanu akaketi mbele ya chenga, mlango umefungwa. Alimwimbia. Alimweleza mihindi imefika wapi, ng’ombe wa nani amezaa, nani ameolewa na mlevi. Majirani waliosikia walisema amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Alikuwa mama, basi, kazi aliyonyimwa, na alitaka kuifanya kidogo kabla ya kunyang’anywa tena. Josphat alikaa nje mlangoni akingoja. Kila jioni aliuliza, kila jioni akajibiwa kesho.

Halafu kukawa na jioni ambayo mtoto hakulia kama siku zote. Alilia njaa. Mutanu alimwimbia, mtoto akaendelea. Alimbembeleza, akaendelea, sauti ikikwaruza, ikipasuka. Mutanu akafungua blauzi, akapiga magoti, akaweka titi lake kwenye kioo cha televisheni. Kioo kilikuwa baridi. Maziwa yaliteremka juu ya chenga mpaka kwenye meza. Akamwambia kunywa, kunywa mama, niko hapa. Mtoto alilia mpaka akakauka koo.

Ndipo Mutanu alipotaka kulitoa lile jina. “Ka…”

Kilio kikakatika katikati.

Kimya. Kwikwi moja. Halafu sauti ambayo kila aliyewahi kuzaa anaijua hata gizani: mdomo mdogo, unanyonya.

Kuna mtu amembeba.

Mwanamke alikuwa akiguna wimbo kule ndani ya mvumo, taratibu, vile mtu anaguna akiwa na mtoto kifuani. Akamwita mtoto jina. Halikuwa Kalunde. Mutanu alilisikia vizuri kabisa, na lilipomaliza kutamkwa alikuwa ameshalisahau.

Mota ikanguruma huko nje. Picha ikaja, safi, mtu wa tai akisoma habari.

Dishi halijageuka tena kuelekea nyumba. Josphat alidhani ni mamake amemchukua mtoto, na akaona hilo ni jambo la kushukuru. Mutanu alimwambia kwamba mama huyo alizikwa na matiti makavu, na hajawahi kumbembeleza mtu duniani, ataanzia kuzimu? Josphat alitaka kuvunja saruji watazame. Alikatazwa.

Jioni, wengine wakifunga mbuzi, Mutanu huenda nyuma ya nyumba na kusimama chini ya nguzo. Maziwa bado yanakuja. Anaita majina. Wayua. Linet. Nduku. Hidaya. Anaita na majina ya kubuni, yasiyo ya mtu yeyote, akikisia lile alilosikia, labda mtoto atageuza kichwa. Anaita polepole, akingoja kidogo baada ya kila moja.

Juzi alichoka, akayaita mengi kwa haraka, yakifuatana. Mota ikanguruma, mara moja, fupi, kisha ikanyamaza.

Hajui ni kwa jina lipi.