Karnesheni za Dirisha la Bibi Minka

Kabla basi la shule halijapita saa moja na dakika kumi, Jerca alikuwa na kazi tatu: kuwapa kuku chakula, kuleta kuni, na kumaliza bakuli lake la uji wa mahindi kwa maziwa. Kazi ya nne bibi yake, Minka, aliifanya mwenyewe na hakumwachia mtu. Alipanda ngazi hadi chumba cha juu, kile kisichotiwa moto, akachomeka kidole katika udongo wa masanduku sita ya mbao, moja baada ya jingine. Mara nyingi alishuka bila kumwaga hata tone la maji.

Masanduku yale yalikuwa na maua ya karnesheni za milimani, zile zenye mashina marefu. Zilipitisha baridi humo; kuanzia Juni zilining'inia nje ya dirisha, chini ya paa, nyekundu, na harufu yake, mfano wa karafuu, ilifika hadi barabarani. Katika bonde la Bohinj kila nyumba ya zamani ilikuwa na ukoo wake wa karnesheni, na huu ulikuwamo katika nyumba ile kabla Minka hajazaliwa. Haikutoka harusi pale bila bwana harusi kuchomekwa kifuani ua la dirisha lile na kijiti cha rosemari, mmea wa majani yanayonukia. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Polona, shangazi yake Jerca, naye alikuwa ameshapanga harusi yake na Gašper mwezi wa Juni.

Januari Minka aliteleza kwenye barafu mbele ya banda la kuku, akavunjika nyonga. Kabla hajaingizwa kwenye gari la wagonjwa alimwita Jerca, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Nakuachia wageni wangu," alisema huku meno yakigongana. "Kikombe kimoja kila wiki mbili, na kwanza uguse udongo. Usiwaonee huruma. Karnesheni ikiwa na kiu itakwambia. Ikizidishiwa maji haisemi kitu, inakufa tu."

"Nimesikia, bibi."

Kusikia alisikia. Lakini chumba cha juu kilikuwa na baridi ya kukata masikio, na theluji ya mwaka huo ilikuwa tamu kwa kuteleza. Wiki mbili zikawa tano. Alipokumbuka, mashina yalikuwa yamelegea kama kamba. Hofu ikampanda, na mwenye hofu haulizi. Akamimina nusu ndoo katika kila sanduku, kisha akayashusha yote sebuleni, akayapanga kando ya jiko la vigae linalopasha nyumba joto. Katika nyumba za huko kila kinachougua hupelekwa pale: mtoto mwenye kikohozi, paka aliyelowa, kinyunga cha mkate kinachokataa kuumuka. Bibi alikuwa akiyaweka chumba cha juu, ila hakuwahi kusema kwa nini.

Baba yake, Matevž, aliporudi kutoka kiwanda cha mbao aliyaona.

"Haya nayo yanafanya nini hapa?"

"Bibi kasema yanahitaji joto kidogo."

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo hivyo tu, na ulipita bila shida.

Kwa wiki moja karnesheni zilitoa majani marefu yaliyopauka, naye Jerca akajiona fundi. Wiki ya pili mashina yalilainika pale yanapoingia udongoni, yakaanza kunuka. Akayarudisha masanduku juu baba akiwa kazini, akafunga mlango.

Kila Jumapili Minka alipiga simu kutoka hospitali.

"Wageni wangu hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Wamechipua."

"We mtoto una mkono wa baraka. Nimeshamsimulia kila mgonjwa humu ndani, mpaka wamenichoka."

Jerca alicheka naye. Akiisha kuweka simu chini alirudisha sahani yake ikiwa imejaa, na mama yake akadhani ni mafua.

Katikati ya Machi alikuja Francka, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane wa miaka sabini na ushei, amekumbatia chungu kimoja kilichoviringishiwa gazeti. Alikuwa anahamia mjini kwa binti yake, ghorofa ya tano.

"Jerca mwanangu, hii ni karnesheni ya bibi yako. Alinipa kijiti mwaka niliomzaa binti yangu Marta, nami nimeitunza mpaka leo. Kule kwa binti hakuna hata kibaraza. Ngoja nipande niiweke na ndugu zake."

Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Jerca akasimama mbele yake.

"Hakuna nafasi, Bi Francka. Dirisha limejaa. Zimestawi mno mwaka huu."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni."

Francka hakushuku kitu. Alifurahi, na furaha yake ilimchoma Jerca kuliko ambavyo shaka ingemchoma. "Basi vizuri," alisema. "Kama zenu ziko hivyo, hii nahangaika nayo ya nini?"

Alipokuwa anavuka barabara, wazo lilimjia Jerca waziwazi: mkimbilie, ichukue. Lakini ingebidi aeleze kwa nini amebadili kauli. Akabaki mlangoni mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Kesho yake gari la binti lilikuja, na nyumba ya Francka ikafungwa.

Ajda, rafiki yake wa darasani, ndiye pekee aliyeambiwa, naye aliambiwa nusu.

"Sasa unalilia nini? Maua ni maua. Dukani wanauza, mekundu vilevile. Bibi yako mzee, ataona nini?"

"Anaona vizuri."

"Basi wewe usimkodolee macho. Ukimkodolea ndipo atashtuka."

Wakanunua, wakapanda katika masanduku yale. Jumamosi ya mwisho ya Aprili Minka alirudi akitembelea magongo. Hata koti hakuvua. Alipanda ngazi moja moja, Matevž nyuma yake akinung'unika kwamba daktari amekataza ngazi. Juu, Minka aliinama dirishani, akanusa. Akanusa tena. Akagusa shina moja lililosimama wima kama askari wa zamu.

"Matevž, shuka ukanywe kahawa."

Matevž akashuka.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Ndizo zile, bibi."

"Mimi nimevunjika nyonga, sikuvunjika pua. Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu haipo."

Jerca akasema: theluji, ndoo, jiko la vigae, simu za Jumapili, duka. Machozi yalimwingia mdomoni. Minka alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwekea mkono kichwani.

"Kumbe ndilo hilo. Mimi zilinifia mwaka niliokuja kuolewa hapa. Maji, kama wewe. Nililia siku mbili nzima, mama mkwe akanicheka, akanituma kwa mama yake Francka, aliyekuwa na kijiti chetu; yao ilipokufa, nami nikampa Francka. Unadhani vijiti tunagawa kwa ukarimu tu? Ua ulilompa jirani ndilo akiba yako. Lako likifa unakwenda kuomba, na hunyimwi. Hebu niletee simu. Francka anayo moja. Bwana harusi ni mmoja, na ua moja linamtosha."

Jerca hakusogea.

"Simu, mwanangu."

"Bibi, aliileta."

"Nani?"

"Bi Francka. Mwezi wa tatu alikuja nayo hapa. Nilimwambia hakuna nafasi."

Mkono uliokuwa kichwani ukaondoka. Minka hakufoka. Aliinuka kwa magongo yake, akashuka, akapiga simu mwenyewe, na sauti ya Francka ikasikika sebule nzima.

"Niliitupa kwenye mboji, Minka. Mtoto alisema zenu zimejaa dirisha. Na baridi ya siku zile unaijua."

Kwa wiki mbili Minka alipiga simu bonde zima. Nyumba nyingine zilikuwa na ukoo wao wenyewe, nyingine zilishahamia za duka. Wote walimpa pole kana kwamba amefiwa, naye aliitikia kana kwamba kweli amefiwa. Ukoo wa dirisha lake haukuwapo popote.

Siku ya harusi ya Polona, Minka alikataa katakata karnesheni za duka. Rosemari peke yake, alisema, na Jerca ndiye atakayewachomeka wageni vifuani, pale mlangoni. Yeye mwenyewe aliketi kando, kwenye kiti.

"Karnesheni za Minka ziko wapi?" aliuliza mgeni wa kwanza, mzee mwenye masharubu.

Jerca alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa anatazama mlima.

"Zilikufa mikononi mwangu," Jerca alisema. "Nikaficha. Nikadanganya mpaka na ile ya mwisho ikapotea."

Mzee alipokea rosemari yake, akapita. Akaja wa pili, akauliza vilevile. Akaja wa tatu. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na siku hiyo Jerca aliumbuka mara thelathini na moja. Polona mwenyewe alimkumbatia, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Mgeni wa mwisho, mama mmoja wa kijiji cha juu, alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua mkoba, akatoa kijiti kilichofungwa kitambaa kibichi. "Hii ni ya kwetu, ya rangi ya waridi. Nimesikia habari, nikakata asubuhi. Chukua."

Jerca alikipeleka kwa bibi yake kwa mikono miwili. Minka alikigeuzageuza.

"Utaipanda kwenye mchanga, chumba cha juu," alisema. "Na ikishika, kijiti cha kwanza kukatwa kinakwenda kwa jirani."

"Bibi, umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale, kabla hujamaliza kusema. Masanduku sita yaliuawa na maji, na maji si kosa kubwa, hata mimi niliwahi. Ungesema Februari, leo Gašper wa Polona angekuwa na ua kifuani. Ile moja ya Francka hukuiua kwa maji, Jerca. Uliiua kwa maneno, nami sina jirani wa kwenda kumwomba nyingine."