Mwanamke wa Ng'ambo ya Daraja

"Upande wa Zimbabwe hatuendi," Mubita alisema, tonge la ugali wa nshima likiwa limesimama njiani kuelekea mdomoni.

"Kwa nini?"

"Maji ni yaleyale, Choolwe. Yanaangukia shimo lilelile. Ukiyaona kwetu, umeyaona."

"Kwetu unalowa tu. Aprili hii mto umejaa, ukisimama upande wetu unaona moshi na viatu vyako. Ng'ambo ndiko wanakoyatazama usoni."

"Basi, hata kama ningetaka, pasi yangu ya kusafiria nimeisahau nyumbani Choma."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikaiweka pasi yake mezani, kando ya bakuli la dagaa wa kapenta.

"Ilikuwa chini ya godoro lako. Mtu anasahau pasi chini ya godoro, Mubita?"

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Hakula tena.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, tuko nyumba ya wageni Livingstone. Harusi yetu ilikuwa mwezi unaofuata, na ng'ombe wake wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa mjomba Haamaundu. Safari hii ya kwenda kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya niliipanga mimi tangu mwaka mpya: makoti ya mvua, nauli ya basi, mpaka gauni la kupigia picha. Kila kitu alikubali. Ila nikitaja daraja la kuvukia Zimbabwe tu, mchumba wangu anageuza mazungumzo.

Na mimi si mtoto. Mubita ni wa kabila la Walozi, watani wa sisi Watonga, na ni fundi wa mashine za kusaga. Kila mwezi huaga Choma kwamba anafuata vipuri Livingstone, na miezi mingine hurudi bila hata nati moja. Ukimuuliza, "duka lilifungwa". Duka gani linafungwa kila likisikia wewe unakuja?

Usiku ule alipokwenda kuoga, simu yake ikawaka kitandani. Namba ya Zimbabwe, haina jina.

"Utakuja lini? Mara hii usikawie. Sina mwingine ila wewe."

Niliisoma mara tatu. Kisha nikairudisha simu pale pale ilipokuwa, nikajifunika shuka hadi kichwani, na machozi yakaanza kunitoka kimyakimya.

Asubuhi nilitoka uani kumpigia mjomba.

"Mjomba, kuna mwanamke ng'ambo."

"Nilisema mimi! Mlozi ni mtu wa kuaminiwa? Hao walitukomba ng'ombe wetu, sasa wanataka kutukomba na mabinti!"

"Mjomba, leo acha utani."

"Sitanii." Sauti yake ikashuka. "Unakumbuka siku walipokuja kuposa? Nilimwona anavyokunywa maziwa mgando, nikamwambia, 'Mlozi gani anakunywa hivi? Mama yako lazima alikuwa wetu.' Watu wakacheka. Yeye hakujibu."

Nilikumbuka. Mubita hajawahi kuliacha neno la Mtonga lipite bila kulirudisha na riba. Siku ileile alikuwa amemwambia mjomba kwamba sisi Watonga tukipewa kuchagua kati ya mke na fahali, tunaomba kwanza tumwone fahali. Lakini alipotajiwa mama yake, aliinamia kikombe. Nikamhurumia. Mama yake alikuwa ameshafariki. Ndivyo shangazi yake, aliyekuja na washenga, alivyotuambia.

"Ile haina maana, mjomba. Ni uchungu wa mama yake."

"Sawa. Ila nenda ukamwone huyo mwanamke kwa macho yako. Ng'ombe wanarudishika, binti yangu. Ukishaolewa, wewe hurudishiki."

Tuliondoka hadi mpakani. Tukagongewa mihuri, tukaingia darajani. Mvuke ulitupiga usoni kama mvua inayotoka chini, na maji yalinguruma hivi kwamba ilibidi upaze sauti hata kwa maneno ya siri. Mubita alitembea kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Katikati ya daraja, mwanamume mmoja aliyekuwa akiuza vikuku vya shaba akatuona, akapiga kelele kwa furaha:

"Mubita! Leo mikono mitupu? Unga uko wapi? Yule mama wa mtaa wa Chinotimba atakula nini?"

Nikasimama.

"Mama gani, kaka?"

Muuzaji akanitazama, akamtazama Mubita, akaona kwamba mdomo umemponza.

"Dada, chukua kikuku. Kwako nakupunguzia."

"Sitaki kikuku. Nimeuliza, mama gani?"

"Choolwe, turudi," Mubita alisema, akinishika mkono. "Nakuomba. Turudi nikueleze kila kitu."

"Nieleze hapa."

"Hapa siwezi."

"Basi niachie mkono. Nitaelezwa na mwenyewe."

Nikavuka. Upande wa pili nikakodi teksi, nikamwambia dereva, "Chinotimba, kwa mama anayeletewa unga na kijana kutoka Zambia." Nilidhani atanicheka.

"Kwa Mama Mubita?" akauliza. "Panda."

Mama Mubita! Njia nzima nilijiuliza: ina maana wana mtoto, na mtoto amepewa jina la baba yake? Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyanoa tangu usiku.

Teksi ikasimama kwenye nyumba ndogo yenye mboga pembeni. Mwanamke alikuwa akipepeta mahindi kizingitini. Hakuwa msichana. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Aliponyanyua uso, maneno yangu yote yaliyeyuka, kwa sababu yale macho nilikuwa nimeyazoea: ni ya Mubita, yamewekwa kwenye uso wa mwanamke.

"Karibu, binti. Umepotea?"

"Shikamoo, mama. Samahani. Wewe ni nani kwa Mubita?"

"Mimi? Nimemzaa."

Nikaketi chini, pale pale kwenye pumba, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikalia. Mwanamke wa ng'ambo ni mama! Ule ujumbe ni wa mama! Sikujiuliza hata kwa nini tuliambiwa amekufa. Furaha huwa inapumbaza.

"Mimi ni Choolwe, mama. Mchumba wake. Harusi ni mwezi ujao."

"Harusi?" Ungo ukamtoka mkononi. "Harusi ya mwanangu? Na mimi sijui?" Kisha akanivuta kifuani, ananuka moshi na mahindi. "Mtoto mbaya yule! Hebu nikuone. Na Kitonga unakizungumza kama wa nyumbani. Ingia ule kwanza."

Nikala, nshima na maziwa mgando, naye ameketi mkabala ananitazama kama anayetazama mvua ya kwanza.

"Watu wa wapi, mwanangu?"

"Choma, mama."

"Ukoo?"

Ni swali la kawaida kabisa. Kwetu mtu huulizwa ukoo kabla hajaulizwa kama amelala salama.

"Sisi ni Batenda."

Tabasamu lake lilibaki usoni, lakini mwenyewe hakuwemo tena ndani yake.

"Batenda kwa baba au kwa mama?"

"Kwa mama. Ukoo si ni wa mama?"

"Mimi pia ni Mtenda," akasema taratibu. "Baba yake ndiye Mlozi. Mimi ni Mtonga wa ng'ambo hii, Mtenda. Na Mubita nimemzaa mimi."

Mlangoni kukasikika pumzi. Mubita alikuwa amesimama pale, ameloa chapachapa, amekimbia njia nzima.

Watonga hatuoani ndani ya ukoo. Mtenda kwa Mtenda ni kaka na dada, hata kama hawajawahi kuonana. Mwanamume niliyekuwa nikihesabu siku za kuolewa naye alikuwa, kwa hesabu ya kwetu, ndugu yangu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Akapangusa maji usoni.

"Mubita, ulijua?"

"Nilijua siku ile mjomba wako alipotaja ukoo wenu, kabla ya posa. Nilikuwa nimeshakupenda, Choolwe. Ningefanya nini?"

"Ungesema!"

"Wangenifukuza! Mjomba wako angesikia neno Mtenda, ningekuwa nje ya lango kabla maziwa hayajaganda. Mimi naishi kwa baba, natumia jina la baba. Kwa Walozi sisi si ndugu. Hata mchungaji angetufungisha ndoa."

"Ndiyo maana shangazi yako akasema mama yako amekufa."

Nilikuwa nimesahau kwamba mama yupo pale. Akainuka polepole, akishikilia meza.

"Nani amekufa?"

Akamgeukia mwanawe.

"Mubita. Nani amekufa?"

"Mama, ilikuwa maneno tu. Ya siku moja."

"Walinililia?" akauliza, si kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Akanigeukia mimi. "Mwanangu, watu wa kwenu walinililia?"

"Mjomba alilia, mama. Akatoa na mbuzi wa rambirambi."

"Mbuzi," akarudia. "Mtu asiyenijua amenitolea mbuzi. Na niliyemnyonyesha amenichimbia kaburi."

Mubita akapiga magoti. Kwanza kwa mama yake, kisha akanigeukia mimi, na hapo ndipo alipokosea.

"Choolwe, mjomba wako hajui. Mama hatasema. Tukirudi leo tukanyamaza, mwezi ujao tunaoana. Nani ataumia?"

Mama yake akafumba macho.

"Mubita," nikasema, "ungeniambia habari ya ukoo, ningepigana upande wako. Ningemkabili mjomba, ningewakabili wazee wote wa Choma, na kama tungeshindwa tungeshindwa wawili. Nilikupenda kiasi hicho. Lakini wewe hukupigana na mtu. Ulimchukua mama mzima, anayepepeta mahindi akikungoja, ukamzika ili upate mke. Sasa hivi, yuko mbele yako, unataka abaki kaburini. Siku nyingine ukitaka kitu, utamzika nani? Mimi? Watoto wangu?"

"Choolwe..."

"Usiniite. Jina langu lina maana ya bahati, na bahati yako leo imeisha."

Nikavua pete. Sikuirusha, niliiweka kwenye meza, nikasukuma bakuli kando ili aione vizuri. Kisha nikampigia mjomba.

"Vipi?" akadaka simu kabla haijaita vizuri. "Umemwona?"

"Harusi haipo, mjomba. Rudisha ng'ombe."

"Si nilisema! Kwa hiyo mwanamke yupo?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mama yake."

Nikasikia kuku wa mjomba wakilia nyuma yake.

"Choolwe, mama yake alikufa. Nilimlilia mimi mwenyewe, mbele ya watu."

"Yuko hapa. Amenipikia. Ni Mtenda, mjomba, Mtenda mwenzetu."

Nikamsikia akitafuta mahali pa kuketi.

Mama akanyoosha mkono. Aliupangusa kwanza kwenye kanga yake, kama anayekwenda kusalimiana na mtu mkubwa, ndipo akaipokea simu.

"Kaka, hujambo?" akasema. "Ni mimi, marehemu."