Makofi Manne ya Patrice

Lifti ya Tianxiu Dasha, ghorofa la maduka katika mji wa Kichina, ilijaa marobota ya nguo. Thadeo akapanda ngazi, magoti yakilalamika.

Nokia ikatetemeka.

"Lori limetoka mtaa wa Sanyuanli." Alikuwa Judica, bosi wake, kutoka Dar es Salaam. "Likiingia bandarini, basi tena."

"Nimesikia."

"Mbona unahema?"

"Uzee, mama."

Miaka yote hii ya ujasusi, bado anakimbizwa kama tarishi! Amechoka, na hakuna wa kumwambia pole. Lakini ndani ya lori kulikuwa na wanasesere, na ndani ya wanasesere vidonge bandia vya malaria, chokaa tupu, vya kupelekwa Bukavu. Watoto wangemeza chokaa na kufa.

Barabarani malori yalifanana, hakuna aliyejua lipi ni lipi. Dereva alitii sauti moja tu redioni, ya Patrice, mkuu wa genge. Amri ya kurudi ghalani, ambako polisi walikuwa wamejificha, ilikuwa kitenzi cha Kifaransa kilichokatwa vipande, kila kipande na kofi lake: dé, char, ge, rons. Tutapakua.

Thadeo alikuwa ameinasa sauti hiyo zamani, kwa mikwaruzo isiyoweza kumdanganya dereva, akamsikilizisha Madame Eugénie, mwalimu wa Bukavu aliyegeuka mchuuzi wa mawigi. Madame alishika kichwa.

"Dé ni kuondoa. Char na ge, unganisha, ni mzigo. Rons ni sisi, baadaye." Alipiga kofi kwa kila kipande. "Nilifundisha hivi, na ole wake asiyepiga makofi. Huyu ni Patrice wangu. Yesu!"

Sasa Madame alikuwa nyuma ya Thadeo ngazini, rula ya soko la Yide Lu mkononi.

Thadeo akasukuma mlango wa ofisi ya Patrice kwa bega.

Patrice alikuwa peke yake. Thadeo akaiwahi redio ya Motorola mezani. Patrice akaiwahi bastola yake, Tokarev.

"Weka chini, ndugu. Sitaki kukuua."

"Hata mimi sitaki kufa. Nimechoka tu."

Paa! Rula ikapiga mlango.

"Patrice! Simama muzuri! Kitenzi: décharger. Nous, sisi. Futur, baadaye!"

Jitu zima, lenye mvi, likasimama wima. Macho yakamtoka. Bastola ikawekwa mezani, maana makofi yanataka mikono miwili.

Thadeo akabonyeza kitufe cha redio.

"Dé." Kofi. "Char." Kofi. "Ge." Kofi. "Rons." Kofi.

Redio ikakoroma. "Bien reçu, patron, nimesikia. Ninageuza."

Thadeo akaichukua bastola, akatoa risasi. Patrice alikuwa bado amesimama, viganja vimeshikana. Ndipo akaelewa kwamba ndiye aliyelirudisha lori. Hakupigana. Akanyoosha mikono, Thadeo akamfunga pingu.

"Madame," Patrice akasema taratibu, "nimekosea?"

"Hapana, mutoto yangu. Umesema muzuri." Madame akaanza kulia. "Sasa keti."

Akaketi.

Saa moja baadaye, Nokia tena. "Lori limerudi, tumelinasa!" Judica alikuwa anapiga kelele. "Uko wapi?"

"Ngazini," alisema Thadeo, akifunga zipu ya koti. "Safari hii nashuka."