Karibu Si Amri

Kulikuwa na fundi vioo aliyependa saa moja ya siku kuliko nyingine zote. Ilikuwa saa ya jioni, baada ya yeye kurudi kutoka kazini na kabla mkewe hajaondoka kwenda kazini.

Mkewe alikuwa muuguzi. Alifanya zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Fundi aliporudi, jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Vumbi la kioo lilimeta kwenye mikono ya shati lake. Mkewe alikuwa ameshavaa sare, na chai ilikuwa tayari.

"Kung'uta hilo shati kwanza," mkewe alimwambia. "Jana uliniachia vumbi hadi kwenye mto."

"Ndiyo urembo wa fundi huo. Wengine hupaka poda."

Walikaa kwenye ngazi ya mlango na vikombe vyao. Muuguzi alisimulia habari za wodini: mtoto aliyekataa dawa mpaka mwanasesere wake apewe kwanza, daktari aliyelala akiwa amesimama. Fundi alisimulia habari za karakana. Kisha alimsindikiza mkewe hadi kwenye kona ya barabara. Hapo waliagana.

Mama yake fundi alikuwa anaishi nao. Jioni hizo alikuwa akiwasikia wakicheka nje, naye akitabasamu peke yake jikoni.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka. Kisha msimamizi wa karakana alistaafu. Akaja mwingine, kijana mchangamfu, mwenye sauti kubwa. Wafanyakazi walimpa jina la Kapteni kwa sababu aliwaita "timu yangu".

Siku ya kwanza Kapteni alisema, "Jamani, tukitoka kazini, karibuni kijiweni. Tukae, tupige soga, tufahamiane."

Kijiwe kilikuwa mgahawa mdogo ng'ambo ya barabara. Palikuwa na mabenchi, soda na ubao wa drafti. Fundi alikwenda. Alifurahi kweli. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kesho yake Kapteni alisema tena, "Karibuni." Na kesho kutwa pia. Siku ya nne fundi alichukua mfuko wake na kuelekea nyumbani.

Mfanyakazi mmoja alikuwa na utani mwingi. Walimwita Domo. Alipomwona fundi anaondoka, alipaza sauti. "Mwacheni huyo! Mkewe amempigia filimbi!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Fundi naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Asubuhi iliyofuata alikuta kazi kubwa imegawanywa. Ilikuwa kazi ya madirisha ya shule mpya. Waliokuwa kijiweni walipewa kukata vioo vikubwa. Yeye, aliyekata vioo miaka yote hiyo, aliambiwa asafishe fremu za zamani.

"Hii imepangwa lini?" aliuliza.

"Jana jioni, bwana," Domo alisema. "Kwani hukuwapo?"

Tena kulikuwa na jambo jingine. Nafasi ya mkuu wa wakataji ilikuwa wazi. Fundi aliitamani. Akajiambia, "Nisipokaa nao, nitasahauliwa."

Kuanzia hapo alikaa kijiweni kila siku. Alikunywa soda asiyoitaka. Alicheza drafti huku akilitazama jua likishuka. Kila aliposimama, mtu alimvuta shati. "Kaa, bwana. Mbona mapema?"

Aliporudi nyumbani, ngazi ya mlango ilikuwa tupu. Siku nyingine alipishana na mkewe barabarani. Yeye alikuwa anarudi, mkewe anakwenda.

"Umeshindaje?"

"Salama. Nimechelewa."

"Haya."

Basi. Hayo ndiyo yaliyobaki ya ile saa yao.

Maneno mengine yalipitia kwa mama. "Mkeo anasema gesi imekwisha," mama alimwambia jioni. Asubuhi alimwambia mkwewe, "Mumeo anasema ameshaileta." Siku moja alichoka. "Jamani, mmenifanya redio! Mimi nina habari zangu mwenyewe, hakuna wa kuzisikiliza."

Jumapili moja muuguzi hakuwa na zamu. Alikuwa anaanika nguo uani, na fundi anamshikia beseni.

"Mbona kimya?" fundi aliuliza.

"Nilikuwa na jambo la kukwambia. La wodini, siku ile ya mvua. Lilinifurahisha sana. Nikasema, nikimwona mume wangu nitamsimulia. Sikukuona. Siku ya pili nikalibeba tena. Sasa nikilitafuta silipati. Limechacha."

Fundi alimsogezea beseni.

"Unakumbuka tulivyokuwa?" mkewe alisema. Aliinamia nguo ili uso wake usionekane. "Nilikuwa nikienda kazini nimeshiba maneno yako. Usiku ulikuwa mfupi. Siku hizi ni mrefu."

"Ninafanya kwa ajili yetu, mke wangu. Ndiyo kazi."

"Drafti ndiyo kazi?"

Wakati huo jirani yao alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi, akimwagilia mboga. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya kazi, akisuluhisha wafanyakazi na waajiri. Alistaafu, lakini mtaa mzima ulimwita Bi Afisa bado.

"Mnisamehe," alisema. "Ukuta huu ni mfupi na masikio yangu ni marefu."

"Shikamoo, Bi Afisa," fundi alisema kwa aibu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Huyo msimamizi wenu husema nini, 'njooni' au 'karibuni'?"

"Husema karibuni."

"Mimi nikiwa nakula, nawe ukapita hapa, nakwambiaje?"

"Karibu."

"Na wewe hukaa kula kila mara?"

"La. Nasema asante, endelea."

"Nimewahi kukununia?"

"Hujawahi."

"Basi kwa nini karibu ya kijiweni umeigeuza amri?"

Fundi alifikiri kidogo. "Kwa sababu wewe, Bi Afisa, ukimaliza kula hugawi kazi. Kule kijiweni zinagawiwa."

Bi Afisa aliweka ndoo chini. "Ahaa! Hapo umenifunga mdomo. Kumbe jambo lenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani." Alisogea karibu na ukuta. "Sikiliza. Hapo kuna vitu viwili vimefungwa katika furushi moja. Kuna maongezi na kuna kazi. Maongezi ni hiari. Ukitaka unakaa, usipotaka unaaga vizuri, unakwenda. Lakini kupanga kazi ni kazi. Kazi ina saa zake. Mtu asikose haki yake ya kazini kwa sababu hakunywa soda."

"Nimwambieje? Ataona ninamfundisha."

"Mwendee mchana, mkiwa wawili. Usimlaumu. Muulize tu, kukaa kule ni kazi au ni maongezi? Kisha mwambie unachoomba. Na nyumbani usome mkataba wako, ujue saa zako. Mambo yakishindikana, chama cha wafanyakazi kipo, na ofisi ya kazi ipo. Lakini anza na mdomo."

"Wakisema ninajitenga?"

"Usijitenge, baba! Kula nao mchana. Mwenzako akiugua, nenda ukamwone. Siku ukiwa na nafasi, kaa nao ucheke. Urafiki ni mzuri. Wale niliokaa nao ofisini miaka hiyo, hadi leo nikiwakumbuka nacheka peke yangu. Lakini hakuna aliyenishika shati."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, fundi alimfuata Kapteni kwenye meza ya kukatia vioo.

"Kapteni, nina swali. Kukaa kijiweni ni kazi au ni maongezi?"

"Ni maongezi, bwana. Kwani vipi?"

"Mke wangu anafanya kazi usiku. Nikikaa kule, hatuonani. Nisipokaa, asubuhi nakuta kazi zimegawanywa bila mimi."

Kapteni alikunja uso. "Kumbe hupendi kukaa nasi?"

"Napenda. Lakini si kila siku."

Kapteni alichukua kipande cha kioo, akakigeuzageuza. Sauti yake kubwa ilipungua.

"Nilikotoka, hatukujuana," alisema. "Mwenzetu mmoja aliugua. Hakuna aliyejua anapoishi. Tulimtafuta tukiulizana barabarani. Tulimpata, lakini nilijiona si mtu. Nikaapa, nikipata timu yangu, watu watajuana."

"Nia yako ni njema, Kapteni. Nimejua jina la mtoto wa kila mtu hapa kwa sababu yako. Ombi langu ni juu ya kazi tu. Igawanywe hapa, asubuhi, mbele ya wote."

Kapteni alikiweka kioo mezani, akaondoka. Fundi alirudi kwenye fremu zake. Siku nzima alidhani ameharibu.

Lakini asubuhi iliyofuata Kapteni aliwaita wote kuzunguka meza.

"Timu yangu, nimekosea jambo. Kuanzia leo kazi tunagawana hapa, kabla ya kuanza. Kijiweni hatupangi kazi tena. Anayetaka kuja jioni, karibu. Anayekwenda nyumbani, asalimie watu wa nyumbani. Na asichekwe."

Wote walimgeukia Domo.

"Mnanitazama nini?" Domo alisema. "Mimi nyumbani nina paka tu, naye ananidharau."

Walicheka. Baadaye, wakifunga vioo kwenye magazeti, Domo alimsogelea fundi.

"Bwana, ule utani wa filimbi. Usiuweke moyoni." Alikunja gazeti jingine. "Marehemu mke wangu alikuwa akinisubiri dirishani. Nikichelewa, mlango ulifunguliwa kwa kelele, mtaa mzima unasikia. Leo ningetoa chochote nisikie kelele zile. Kwa hiyo nikikuona unakimbilia nyumbani, naumia, nafungua mdomo."

Fundi alimshika bega. "Jumamosi mke wangu hana zamu, saa yetu inaweza kungoja. Nitakaa nawe kijiweni, nikufunge drafti."

"Wewe? Wewe hata kuku anakufunga!"

Wiki chache baadaye nafasi ya mkuu wa wakataji ilijazwa, lakini fundi hakuipata. Ilikwenda kwa mama mmoja mwenye mkono mtulivu, ambaye naye jioni alikuwa akiwahi kwa wazazi wake. Fundi aliumia kidogo. Lakini wote walikuwa wameiona kazi ya yule mama mezani, mchana kweupe. Alikwenda akampa mkono.

Lakini turudi kwenye jioni ya siku ile ya tangazo la Kapteni: fundi aliaga. "Kwaherini, jamani. Mimi nyumbani."

"Salimia!" walisema. Watatu waliondoka pamoja naye. Kumbe hakuwa peke yake.

Muuguzi alikuwa anafunga viatu alipomwona mumewe mlangoni. Alinyanyuka na kiatu kimoja.

"Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Nimerudi nyumbani."

Walikaa. Fundi alivaa viatu vya nyumbani, chai ikamiminwa. Lakini kwa muda maneno hayakuja. Waliona haya, kama wachumba wanaotazamwa na wazazi.

"Umenenepa," hatimaye muuguzi alisema.

"Ni soda za kijiweni."

Muuguzi alicheka, na baada ya hapo hakukuwa na kimya tena. Alianza kusimulia habari ya jana usiku: mtoto mmoja mgonjwa aliyekuwa akimsahihisha kila alipoimba vibaya. Alikuwa bado anasimulia walipotoka. Walipofika kwenye kona, hadithi ilikuwa katikati. Wote wawili walisimama.

"Ehe? Halafu?" fundi aliuliza.

"Nitachelewa."

"Simulia huku tunatembea."

Wakapita kona. Wakapita maduka, wakapita uwanja wa shule, mpaka lango la hospitali. Mlinzi alimtazama fundi na viatu vyake vya nyumbani.

"Muuguzi, huyu naye ni wa zamu?"

"Huyu ni wangu," muuguzi alisema. "Subiri kidogo, sijamaliza kumsimulia."